Je, Liemba ilizamishwa na Mimi na Toutou?

Msomaji mmoja wa Kigoma ameniandikia: "Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yetu alifanya kazi gatini hapa Kigoma. Alikuwa akitusimulia kwamba Liemba ilikuwa manowari ya Mjerumani, ikazamisha meli ya Wabelgiji upande wa pili wa ziwa, na mwishowe nayo ikazamishwa na viboti viwili vya Mwingereza vilivyobebwa kupitia milimani. Ndivyo ilivyokuwa? Na meli kubwa vile ilishindwaje na viboti?"

Marahaba. Babu hakuwa mwongo, ila aliunganisha meli tatu zikawa moja. Iliyopiga meli ya Wabelgiji ni Hedwig von Wissmann. Zilizopambana na viboti hivyo viwili, vilivyoitwa Mimi na Toutou, ni Kingani kwanza, kisha hiyo hiyo Hedwig. Liemba, ile meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, ambayo wakati huo iliitwa Graf von Götzen, haikupigana na viboti hivyo hata siku moja, na waliokuja kuizamisha ni mafundi wake wenyewe. Simshangai babu. Kati ya meli zote za kikosi kile, ni hiyo moja tu iliyobaki machoni pa watu, kwa hiyo visa vya wenzake vyote vikaandikwa kwa jina lake.

Ili ujibiwe swali lako la pili, la kushindwa, lazima tuwatazame wote watatu pamoja na maofisa wao.

Vita vilipoanza Agosti 1914, ufukwe wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, tangu Usumbura (Bujumbura ya leo) hadi Bismarckburg (Kasanga), ulikuwa wa Mjerumani. Magharibi ilikuwa Kongo ya Mbelgiji, na ncha ya kusini Rhodesia ya Kaskazini ya Mwingereza. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 650, na kandokando yake hapakuwa na barabara ya maana. Aliyelishika aliweza kupakia askari jioni na kumshukia adui alfajiri mahali asipotazamia. Asiyelishika alizunguka kwa miguu, mizigo vichwani mwa wapagazi.

Mjerumani aliwahi kulishika kwa sababu moja kubwa: reli. Mataruma ya Reli ya Kati yalifika Kigoma Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa na meli ya upimaji wa bahari bandarini, Möwe, wakaizamisha wenyewe isije ikatekwa. Nahodha wake, Gustav Zimmer, akabaki na mabaharia wasio na chombo. Aliwapandisha treni, akaenda nao Kigoma, na huko akawa mkuu wa jeshi la majini katikati ya bara. Bila reli ile wasingefika kwa wakati, na wala mizinga yao isingefika.

Chombo walichokikuta ziwani ni Hedwig von Wissmann, stima ya tani kama 60 iliyokuwa majini tangu mwaka 1900 na iliyopewa jina la mke wa Hermann von Wissmann. Si meli ya kutisha. Lakini tarehe 22 Agosti 1914, ikiongozwa na Luteni Horn, ilivuka na kuikuta stima ya Wabelgiji Alexandre Delcommune karibu na mdomo wa mto Lukuga, ikaipiga mizinga hata ikawa haifai kwa kazi. Hiyo ndiyo "meli ya Wabelgiji" ya babu yako. Haikuzamishwa katikati ya maji, iliharibiwa ikabaki ufukweni. Novemba Wajerumani wakashuka kusini wakazimaliza na stima mbili kuukuu za Waingereza, Good News iliyokuwa ya wamisionari na Cecil Rhodes. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kumuuliza Mjerumani anakwenda wapi.

Chombo cha pili, Kingani, kilikuwa kiboti cha mvuke cha forodha huko pwani. Kikapakiwa kwenye treni kikaletwa Kigoma, kikawekewa mzinga mmoja omoni, yaani mbele ya chombo. Naomba ukumbuke neno hilo, omoni, maana ndilo lililomuua nahodha wake.

Cha tatu ndicho Liemba yako. Graf von Götzen iliundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ikajaribiwa, kisha ikafunguliwa vipande vipande na kufungashwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa meli hadi Dar es Salaam, yakapanda reli, na Kigoma ikaundwa upya chini ya mafundi watatu: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Nguvu za kupandisha mabamba na kugongomea misumari yake zilikuwa za watu wa hapa hapa kwenu. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ikaanza kazi Juni mwaka huo. Urefu wake ni kama mita 70, na hapakuwa na chombo kingine ziwani cha kuikaribia. Jina walilipa la Gustav Adolf von Götzen, yule gavana wa wakati wa Maji Maji.

Na mzinga wake una hadithi yake. Manowari Königsberg, ya Kapteni Max Looff, iliingia kujificha kwenye delta ya Rufiji, ikaangamizwa humo tarehe 11 Julai 1915. Lakini Wajerumani walirudi wakaitoa mizinga yake kumi ya milimita 105 kutoka matopeni, wakaitengeneza, wakaigawa nchi nzima. Mmoja ukapelekwa Kigoma na kufungwa juu ya Götzen. Mzinga huo ulirusha kombora zaidi ya kilomita 10. Baadhi ya maofisa wa Königsberg nao walikuja ziwani, akiwamo Luteni Rosenthal, tutakayekutana naye punde.

Sasa viboti. Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee, aliyezijua njia za Kongo, alikwenda London akamweleza Admirali Sir Henry Jackson kwamba ziwa linaweza kuchukuliwa kwa boti za injini, mradi zibebwe hadi huko kupitia Afrika Kusini na Kongo. Wazo lilikubaliwa. Aliyepewa amri ni Luteni-Kamanda Geoffrey Spicer-Simson, ofisa ambaye hakuna mkubwa aliyemtaka melini kwake. Miezi michache nyuma, Novemba 1914, meli Niger iliyokuwa chini yake ilipigwa torpedo karibu na pwani ya Deal, naye alikuwa hotelini nchi kavu na mkewe na wageni, akaitazama ikizama kupitia dirishani. Aliomba boti zake zipewe majina ya Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa. Akapeleka Mimi na Toutou, ambayo kwa Kifaransa cha watoto maana yake ni ile ile, na mara hii yakapita.

Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12 hivi, mbao za mahogani, injini mbili za petroli, mzinga wa milimita 47 omoni na bombomu nyuma. Ziliondoka Uingereza tarehe 15 Juni 1915, zikafika Cape Town mapema Julai, zikapanda reli kupitia Bulawayo na Elisabethville (Lubumbashi) hadi Fungurume. Reli ikaishia hapo. Mbele palikuwa na kilomita zaidi ya 200 za milima ya Mitumba. Boti zilivutwa na matrekta ya mvuke, na pale matrekta yaliposhindwa, na ng'ombe. Zaidi ya madaraja 100 yalijengwa njiani kwa magogo. Maji ya kulisha boila yalipokauka, wanawake wa vijijini waliyabeba kwa mitungi vichwani. Waandishi wa Kiingereza wanapenda sana kusimulia sketi aliyoivaa Spicer-Simson na nyoka waliochanjwa mwilini mwake. Mimi nasema kama kuna ushujaa katika safari ile, uko kwa wale waliokata magogo na kubeba maji, pamoja na Lee aliyekwenda mbele kuitafuta njia, akafukuzwa kwa tuhuma za ulevi kabla hajaliona ziwa na boti juu yake.

Mwisho wa Septemba wakafika Sankisia, wakapanda tena reli fupi hadi Bukama, wakashuka na mto Lualaba hadi Kabalo, na reli nyingine ikawafikisha Lukuga, Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba. Wabelgiji walikuwa wakichimba bandari ndogo hapo. Siku chache kabla ya Krismasi Mimi na Toutou zikashushwa majini.

Hapa ndipo lilipo jibu lako hasa. Zimmer alisikia fununu kwamba kuna kitu kinajengwa Lukuga, lakini hakujua ni nini. Mwanzoni mwa Desemba Rosenthal alikwenda na Hedwig kuchungulia, na akaogelea usiku hadi ufukweni ajionee mwenyewe. Kukapambazuka, hakuweza kurudi melini, Wabelgiji wakamkamata. Yeye ndiye aliyeona, na ndiye asiyerudi. Kigoma ikabaki gizani.

Basi Zimmer akatuma chombo kingine, na ndicho kidogo kuliko vyote. Asubuhi ya Jumapili, 26 Desemba 1915, Spicer-Simson akiwa anaongoza sala, Kingani ikaonekana ikipita kando ya pwani. Akamaliza sala, ndipo akatoa amri ya kupanda botini. Nahodha wa Kingani, Luteni Junge, aliziona boti mbili zenye bendera ya Kiingereza zikimjia kutoka nyuma kwa mwendo ambao stima ya kuni haiwezi kuufikia. Mzinga wake ulitazama mbele tu. Ili apige ilimbidi ageuze chombo kizima, na kila alipogeuka boti zilikuwa zimeshahama. Ilichukua dakika kumi na kitu. Kombora likapiga palipo na mzinga, Junge akafa na wenzake kadhaa, fundi wa injini akasalimu amri. Mbuzi aliyekuwamo akatoka salama salimini. Waingereza wakaikokota Kingani hadi ufukweni, wakaiziba matundu, wakaiwekea mzinga mkubwa zaidi wa milimita 76, wakaibatiza Fifi. Ikarudi majini ikiwa adui wa walioileta kwa treni.

Utaniuliza Kigoma ilifanya nini Kingani isiporudi. Ilituma tena chombo kimoja.

Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig, sasa chini ya Luteni Job Odebrecht, ilikuja kupeleleza Lukuga, ikitakiwa kukutana baadaye na Götzen. Fifi na Mimi zikatoka kuifukuza. Toutou ilikuwa imeumizwa na dhoruba ya Januari, haikwenda. Odebrecht alipotambua anayekabiliana naye aligeuza akakimbilia kwao. Fifi, aliyokuwa amepanda Spicer-Simson, haikuwa na mbio, na kila ulipopigwa mzinga ule mzito chombo kilikaribia kusimama. Hedwig ilianza kutoroka. Hapo Luteni Wainwright akaichomoa Mimi peke yake, akaikimbilia Hedwig kutoka nyuma, akawa anaipiga vikombora vidogo na kukaa mbali na mzinga wake mdogo wa tezi, yaani wa nyuma. Havikuizamisha, ila viliikera. Odebrecht akawa anageuza meli ili aitumie mizinga yake mikubwa ya omoni, na kila mgeuko ukamla mwendo, Fifi nyuma ikisogea. Makombora ya Fifi yalikuwa yakipita juu. Wainwright akarudi mbio akapiga kelele kumwambia mkubwa wake ashushe shabaha. Fifi ikiwa imebakiwa na makombora machache sana, moja likaingia ndani ya Hedwig likafika kwenye injini. Boila ikapasuka, moto ukashika, Odebrecht akaamuru watu waruke. Bendera ya jeshi la majini iliyookotwa pale inahesabiwa kuwa ya kwanza kutekwa na Waingereza katika vita vile.

Kesho yake Götzen ikaja, polepole, ikimtafuta mwenzake. Waingereza na Wabelgiji waliitazama kutoka pwani. Maofisa wakamwomba Spicer-Simson watoke. Akakataa.

Wengi wanamcheka kwa kukataa huko. Mimi namtetea, ingawa si mtu ninayempenda. Boti ya mbao iliyojaa petroli, mbele ya mzinga wa milimita 105! Kombora moja lingetosha, na mzinga ule ungeanza kupiga muda mrefu kabla mizinga yake haijafika. Akaondoka kwenda kutafuta meli kubwa zaidi huko mdomoni mwa mto Kongo. Miezi ikapita.

Kwa hiyo meli kubwa ilishindwaje na viboti? Haikushindwa navyo. Kilichoshindwa ni kikosi kilichotumwa chombo kimoja kimoja kwa adui asiyejulikana. Laiti Götzen ingevuka mwenyewe Desemba, ikasimama mbali na Lukuga na kupiga bandari ile kwa mzinga wa Königsberg, Mimi na Toutou zingechomeka zikiwa bado juu ya magogo. Zimmer hakuwa mzembe. Götzen ilikuwa gari lake la mizigo, ikihamisha askari na vyakula kati ya Kigoma, Usumbura na Bismarckburg, na kuihatarisha kwa ajili ya upelelezi kulionekana ni ubadhirifu. Akahifadhi kikubwa, akatoa kidogo. Hesabu yake naielewa, lakini ndiyo iliyomwangusha.

Kilichoimaliza Götzen kilitoka nchi kavu. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza na Afrika Kusini yaliingia kutoka kaskazini, na ya Wabelgiji yakatelemka kupitia Rwanda na Burundi. Von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Mjerumani hapa Afrika Mashariki, alihitaji kila mzinga, akauagiza ule wa Götzen urudi kwenye reli. Mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa likafanana na mzinga. Kwa hiyo kuanzia hapo meli iliyomtia Spicer-Simson woga ilikuwa inatisha kwa sura tu. Naye hakujua. Alipofika Bismarckburg mwezi Juni ili kuyasaidia majeshi ya nchi kavu, alikaa mbali na boma kwa hofu ya mizinga yake, na Wajerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi na majahazi. Boma lilipoingiwa, mizinga yake ikakutwa ni ya mbao vilevile. Haukupita muda mrefu akarudishwa kwao akiwa mgonjwa, ingawa nishani alipewa.

Wabelgiji wao waliletewa ndege nne za kutua majini. Mwezi huo huo wa Juni ndege zikadondosha mabomu Kigoma zikiilenga Götzen. Madhara hayakuwa makubwa, ila kuanzia hapo hata ikiwa bandarini haikuwa salama.

Mwishoni mwa Julai ilikuwa wazi kwamba Kigoma haishikiki. Zimmer akaamuru meli izamishwe. Rüter, aliyeiunda, ndiye aliyepewa kazi, na hapa naona fahari ya fundi ikiishinda vita. Yeye na wenzake walizipaka injini grisi nene kila mahali ili maji yasizile, wakijua siku moja mtu ataihitaji. Tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha taratibu karibu na mdomo wa Malagarasi, kwenye kina kama mita 20. Siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Wabelgiji waliiibua baada ya vita, dhoruba ikaizamisha tena mwaka 1920. Waingereza wakaiinua Machi 1924, wakafungua injini, wakakuta grisi imefanya kazi yake: zilikuwa nzima. Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Mvuke ulidumu hadi ilipobadilishiwa injini za dizeli miaka ya 1970. Imebeba dagaa, mananasi, maharusi na wafanyabiashara kati ya Kigoma na Mpulungu, na mwaka 1997 ikawarudisha wakimbizi wa Kongo kwao. Mei 2015 ilikuwa ikienda na kurudi Kagunga kuwatoa wakimbizi wa Burundi maelfu kwa maelfu waliokuwa wamekwama pale ufukweni, na kuwashusha kwenye gati lile lile la Kigoma.